Kompyuta Iliyovikwa Sweta

Jumapili, 8 Machi

Siku ya thelathini na sita ya ndoa. Nahesabu kama mtoto anayehesabu siku za likizo, na sioni aibu.

Leo nimemaliza! Uzi wa mwisho nimeukata kwa meno saa nne asubuhi, mume wangu akiwa bafuni anaimba kwa sauti yake ile mbovu ninayoipenda. Nguo ya kompyuta. Ya pinki na nyeupe, nimeifuma wiki tatu kwa kujificha, kila alipotoka. Ina mioyo miwili mbele. Ndani nimeitia bitana nene, nimelikata sweta langu la zamani, ili vumbi lisipite. Imelikaa lile kasha kama gauni la kupimiwa — juu, ubavuni, mpaka nyuma. Nimeacha tundu la nyaya na tundu la kitufe cha kuwashia, basi.

Alipotoka bafuni nikamfumba macho. Nikamfumbua. Akaigusa ile mioyo kwa kidole. Kisha akasema tangu azaliwe hajapata kufumiwa kitu na mtu, na sauti ikamkatika katikati. Mwanaume mzima! Akasema nguo hii haivuliwi mpaka kompyuta ife.

Kompyuta yenyewe ni kizee cha miaka kumi na mmoja. Kubwa, nyeusi, iko juu ya meza ya chumba cha mbele, karibu na dirisha. Lakini mume wangu anachora ramani za majengo, na programu yake ya kuchorea ni ya zamani, inafunguka humo tu. Sasa hivi ni ramani za shule ya chekechea, kurasa kumi na mbili. Amemaliza nne. Mkandarasi anazitaka zote Ijumaa tarehe 27. Akiridhika, atampa kazi zake zote, na mume wangu atachorea hapa hapa, hatua tisa kutoka jikoni kwangu. Nimezipima.

Nina raha mpaka naogopa.

Jumanne, 10 Machi

Imezima yenyewe.

Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Nikasikia tik — kisha kimya. Kumbe mvumo wake nilishauzoea, sikuwa nausikia tena mpaka ulipokatika. Mume wangu akasema "Ah." Hiyo tu. Nilipochungulia, skrini ilikuwa nyeusi na uso wake umo ndani yake, umetulia.

Taa ya jikoni inawaka. Kwa hiyo si umeme kukatika. Akaiwasha, ikawaka. Amepoteza kazi ya saa nzima, kuta zote za chumba cha pili cha darasa. Anacheka! Anasema ni uzee, hata babu yake alikuwa akisinzia katikati ya sentensi, akiamka anaendelea palepale.

Nimecheka naye. Lakini vidole vyangu vilikuwa baridi, na si kwa maji ya vitunguu.

Jumatano, 11 Machi

Mara mbili leo. Saa tano kasoro, na saa tisa.

Amehamisha waya kwenye soketi nyingine. Amebadilisha ekstensheni. Amechomoa friji, akaniambia nisipige pasi. Anaandika saa kwenye karatasi kila inapozima, kama nesi wa wodini. Asubuhi inadumu kidogo, mchana haidumu. Akifungua ukurasa wenye michoro mingi ndiyo inazima upesi.

Na simu. Ile ya Bosi. Sijawahi kumwona Bosi, lakini sauti yake inasikika mpaka barazani. Ndiye aliyekuwa mkuu wake ofisini kabla mume wangu hajaamua kujitegemea. Sasa huyo Bosi anajenga barabara, huko mbali, wanakaa kambini, mkataba miaka miwili. Wake hawaruhusiwi kambini. Anamtaka mume wangu aende naye, na jibu analitaka kabla ya Ijumaa hiyo hiyo ya tarehe 27 kwisha.

Mume wangu amenieleza wazi, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Akimaliza ramani, atamwambia Bosi hapana. Asipomaliza, hana ubavu wa kumwambia mtu hapana.

Miaka miwili! Sijazoea hata upande wangu wa kitanda.

Kwenye chai akanisimulia habari za mwenzake wa ofisini aliyekosea vipimo vya ngazi, akaficha wiki nzima, watu wakaja kugundua zege limeshamwagwa. Akasema kosa huwa anasamehe kabla chai haijapoa. Kufichwa ndiko hawezi. Akifichwa kitu, anahama moyoni, na kurudi inakuwa taabu. Nikamwambia ana haki kabisa. Nikambusu. Mwanaume mwenye msimamo, jamani.

Jumamosi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mume wangu alikwenda kwa mkandarasi kuonyesha kurasa saba zilizokwisha. Akaniachia maagizo: anakuja fundi, rafiki yake wa siku nyingi, wote wanamwita Bisibisi. Nimfungulie, nimwonyeshe.

Akaja. Mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi, begi limejaa bisibisi kweli. Akasimama mbele ya kompyuta, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaniuliza kwa upole: "Shemeji, mgonjwa huyu nani kamvalisha sweta?"

Nikasema mimi. Kwa fahari! Nikaanza hata kumweleza habari za bitana.

Akaweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria. Akaniambia niguse. Nikagusa. Mama yangu! Joto lile! Akaivua nguo, akaigeuza, akanionyesha upande wa nyuma ulipokuwa umeziba feni. Akafungua kasha. Ndani ya feni, nyuzi. Nyuzi za pinki. Zimejisokota kwenye mapanga ya feni kama nywele kwenye kitana.

Akaeleza bila kunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza. Mashine inapumua. Inavuta hewa mbele, inatoa joto nyuma. Ikishindwa kupumua inapata joto, na ikizidiwa inajizima yenyewe isiungue. "Haikuwa inaharibika," akasema, "ilikuwa inajiokoa."

Akaisafisha kwa brashi na kipulizio. Akapaka dawa mpya nyeupe pale kati ya feni ndogo na kile kipande kinachofikiri, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama chokaa. Ikawaka. Ikavuma vizuri. Nikamshika mkono, nikamwomba: asimwambie mume wangu. Nitamwambia mwenyewe.

Akanitazama. Akasema sawa, ila nimwambie leo leo. Tena akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Nguo isirudi. Na ikizima tena bila nguo, basi joto limeshakiunguza kile kisanduku cha umeme cha ndani. Aniite, nije na kingine. Msihangaike na kitu kingine chochote. Na msifute kitu wala kupakia programu upya. Ikizima katikati ya kupakia, haiamki."

Mume wangu akarudi saa kumi, anang'aa. Mkandarasi amezipenda kurasa zote saba! Amesema mlango wa watoto umekaa vizuri. Mume wangu akaninyanyua juu, akanizungusha. Akaniuliza Bisibisi kasemaje.

Mdomo ukafunguka, ukasema: vumbi.

"Vumbi tu?"

Vumbi tu, nikasema. Na nguo nikasema nimeifua, kwa sababu ya hilo vumbi.

Jumapili, 15 Machi

Haijazima hata mara moja! Tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja. Mume wangu anapiga mluzi. Nguo iko kwenye kamba, inachuruzika maji. Naitazama kupitia dirishani kama mtu anayetazama shahidi.

Nitamwambia kesho. Sasa ni rahisi, imeshapona. Tutacheka.

Jumanne, 17 Machi

Jana sikusema. Aliamka na furaha, nikaona nisiichafue asubuhi.

Leo nimetoka sokoni nimekuta kompyuta imevaa nguo. Ameianua mwenyewe kwenye kamba, akaivalisha mwenyewe, na vifungo vya nyuma akafunga vyote! Vile vifungo hata mimi vinanishinda. Akaniambia alimwonea huruma mgonjwa kukaa uchi mbele za watu.

Nyanya ziliniponyoka. Moja ikabingirika mpaka chini ya meza. Nikapiga magoti kuifuata, nikakaa huko chini muda mrefu kuliko inavyohitaji nyanya.

Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango. Nikasema nini? Nikasema wifi ameiomba nguo, anataka kuiga mtindo, nimemwahidi leo. Nikaanza kufungua vile vifungo, kasha limeshakuwa moto, nasikia joto usoni kama la mkaa. Kifungo cha tatu — tik.

Kimya.

Mume wangu akasema labda nimevuta waya. Nikasema labda.

Sasa nina waongo wawili nyumbani, na wote ni mimi.

Alhamisi, 19 Machi

Imezima bila nguo.

Nguo iko chini ya godoro letu. Feni safi, dirisha wazi, asubuhi ya baridi. Saa tatu na robo, tik. Na safari hii kulikuwa na harufu. Si ya moshi. Kama plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Nikamwuliza mume wangu kama anaisikia. Akasema ni mafuta ya jirani.

Ninayajua maneno ya Bisibisi kwa moyo. Kisanduku cha umeme. Aniite. Msihangaike na kingine.

Mume wangu amekaa na karatasi yake ya saa. Anasema Bisibisi kasafisha vumbi, vumbi limetoka, mashine bado inazima, basi Bisibisi hajui kazi. Anasema kuna watu wana begi kubwa na akili ndogo. Miaka yote hiyo anamwamini, kumbe. Sasa atatafuta mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama na kikombe chake. Nikakiweka mezani taratibu. Ningeweza kumtetea yule mtu kwa sentensi moja. Moja!

Ukurasa wa nane haujakwisha.

Jumamosi, 21 Machi

Wifi amekuja.

Yeye ndiye dada mkubwa wa mume wangu, ni mshonaji, ana jicho linaloona mshono uliopinda ukiwa bado kichwani mwa mtu. Alipoingia tu, mume wangu akamwuliza kutoka pale mezani: "Dada, ile nguo umeshaiiga?"

Nilikuwa nyuma ya mume wangu. Sikuweza hata kukonyeza.

Wifi akanitazama mimi, si yeye. Akakaa. Akafungua viatu, kimoja, kingine. Kisha akasema bado, vidole vyake vinamsumbua, asimharakishe.

Nikamfuata jikoni nikijifanya napasha maji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, nguo ipi aliyoiomba yeye. Nikamweleza yote. Nilidhani atanisuta. Akanisikiliza huku akila karanga zangu, mwisho akasema: "Bibi harusi, mimi si pazia la kujifichia. Leo nimesimama dirishani kwa ajili yako. Kesho nafunguka."

Nikamwambia naogopa ataniacha. Akasema haachi, ila atakwenda kambini ameninunia, na hiyo ni mbaya kuliko kuachwa, maana hata ndugu hawatajua waje kutusuluhisha lini. Akaongeza kuwa kaka yake alipokuwa mdogo alinuna siku kumi na moja kwa sababu walimficha kuwa kuku wake amechinjwa. Kuku!

Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 23 Machi

Leo amefungua kasha mwenyewe. Kaipindua ndani nje kama mfuko wa suruali. Amechomoa vile vipande virefu vya kumbukumbu, anavisugua ncha zake za kung'aa kwa kifutio cha penseli, kwa upole, kama anayemsafisha mtoto masikio. Nilimshikia taa. Nilikuwa nampenda mpaka kifua kinauma. Na kile kisanduku cha umeme kiko pale pale, pembeni ya kidole chake, cha kijivu, kimefungwa skrubu nne. Mara mbili mkono wake umekigusa ukapita.

Akaivisha tena mabati, ikawaka. Dakika arobaini. Tik.

Amemaliza kurasa tisa. Anachora mstari, anasevu. Anachora mstari, anasevu. Nakala anaweka kwenye flashi kila mara, kwa hiyo kilichochorwa hakipotei. Lakini flashi haichori. Amejaribu kompyuta ya stesheneri kule barabarani, mafaili hayakufunguka. Kabla hajaondoka akawaambia watu wa pale kwamba Bisibisi siku hizi ni fundi wa mdomo.

Baada ya chakula nimemkuta chumbani amelitoa begi la safari. Anafungua zipu, anafunga. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anaangalia tu kama inafanya kazi.

Inafanya kazi.

Jumanne, 24 Machi

Nimempigia Bisibisi kwa siri, nimejifungia bafuni, bomba limefunguliwa lisikike.

Nilimwomba aje mume wangu akitoka, abadilishe kile kisanduku, aondoke. Kisha akaniuliza: "Shemeji, ulimwambia?"

Maji yanamwagika tu.

Akasema kisanduku anacho, ametoa kwenye mashine nyingine, si kipya lakini kizima. Ila haingii nyumba ya rafiki yake kwa dirisha wakati mlango upo. Na maneno ya stesheneri yamemfikia. Hakukasirika, alisema, amesikitika tu. Akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii si maradhi ya mashine.

Nimekaa bafuni mpaka mume wangu akagonga kuuliza kama naumwa.

Nikasema tumbo.

Jumatano, 25 Machi

Mara sita. Ukurasa wa kumi umekwisha kwa kudra za Mungu. Mbili zimebaki.

Sijasema.

Alhamisi, 26 Machi

Nimesema.

Asubuhi nilipoleta chai alikuwa na sidii mbili za programu mkononi. Za zamani, kwenye pakiti ya karatasi. Akasema ameamua. Hii ni virusi tu, hakuna kingine kilichobaki. Anafuta kila kitu, anapakia upya, kisha programu ya kuchorea anarudisha kwa sidii ya pili. Saa nne au tano za kazi, mchana anachora, kesho anapeleka. Alikuwa na macho mekundu na uso wa mtu aliyepata amani. Trei ya kompyuta ikatoka nje kama ulimi. Akaweka sidii juu yake.

Niliiona ikizima katikati. Nilimwona kambini.

"Usisukume," nikasema. "Bisibisi hakusema vumbi."

Akageuka na kiti chake. Nikasema yote nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesoma shairi mbele ya darasa. Sweta. Nyuzi kwenye feni. Kisanduku cha umeme. Kamba, vifungo, wifi, bafuni. Hata tumbo nililosema linauma. Nilifika mwisho nikakuta hakuna kingine, nikanyamaza.

Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumamosi ya tarehe kumi na nne."

Nikaona vidole vyake vinahesabu kwenye paja. Kumi na mbili. Akaitoa sidii, akairudisha kwenye pakiti yake, akaikunja vizuri ile karatasi. Akavaa viatu. Akatoka. Hakubamiza mlango. Laiti angeubamiza!

Nilikaa kwenye kiti chake. Bado kilikuwa na joto lake. Nikaanza kujiuliza nikimbilie wapi — kwa mama yangu, kwa wifi? Wifi angesema nilikwambia. Mama angeuliza nimekosa nini mwezi wa pili tu wa ndoa, na mimi ningejibu: nimefuma.

Baada ya saa moja na nusu nikasikia sauti mbili kwenye ngazi. Alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka kwa Bisibisi. Kumwomba radhi. Sikuambiwa, ila Bisibisi alipoingia alikuwa anamwambia basi, yamekwisha, mwanaume hasemi samahani mara nne kwa ngazi moja.

Wakafungua. Bisibisi akakitoa kile kisanduku cha kijivu, akakifungua mezani. Ndani kuna vikopo vidogo vidogo vya kuhifadhia umeme. Vitatu vimevimba vichwa, kama maandazi, na kimoja kimechuruzika kitu cha kahawia. Harufu ile ile. Mume wangu akainama, akatazama muda mrefu. Akasema, "Umeona?" Nikasogea. Alikuwa anamwambia Bisibisi.

Wakafunga kingine. Saa tisa mashine ikawaka. Kisanduku kina mlio mwembamba, kama mbu. Bisibisi akasema kimetumika, hawezi kukiapia, na waache kasha wazi, feni ya mezani ielekezwe ndani.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Akafunga begi lake. "Shemeji, mashine nimeitengeneza," akasema. "Hilo lingine si la bisibisi."

Mume wangu amechora mpaka magharibi. Haikuzima. Hakusema neno.

Ijumaa, 27 Machi

Saa moja asubuhi. Ameshaanza. Nimeleta chai. Akasema "asante" — ile asante ya kumwambia mtu wa dukani.

Saa nne. Nimekaa kwenye stuli karibu na dirisha, naishikilia feni, maana shingo yake imelegea, nikiiachia inaelekea dari. Mkono mmoja feni, mkono mmoja daftari. Hajanifukuza. Hajaniita mke wangu. Ukurasa wa kumi na moja umebaki choo cha watoto.

Ule mlio wa mbu upo. Nausikiliza mpaka nauota na macho wazi. Ukipanda kidogo, moyo unapanda nao. Gari likipita barabarani na kitu kikagonga, nadhani ni tik. Mara tatu nimemtazama yeye kwanza badala ya skrini, nione usoni kwake kama imezima.

Saa sita kasoro. Ukurasa wa kumi na moja umekwisha. Ameuweka kwenye flashi. Akajinyoosha, mifupa ya mgongo ikalia, mkono wangu ukataka kwenda kumsugua bega kama siku zote. Ukaenda nusu. Ukarudi.

Umebaki wa paa. Ofisi ya mkandarasi inafungwa saa kumi. Kutoka hapa mpaka kule ni nusu saa.

Saa saba na dakika kumi. Mlio umebadilika. Nimemwambia. Amesikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, akasevu, akatulia, kidole juu ya kipanya, wote wawili hatupumui. Ukarudi ulivyokuwa. Akaendelea. Lakini alinijibu! Alisema "Nimesikia." Neno moja, la kawaida. Nimeliandika hapa kama vile ni barua.

Saa saba u nusu. Simu. Iko juu ya meza, karibu na mimi kuliko yeye. Jina la Bosi. Ikalia mpaka ikakatika. Mume wangu hakuinua macho, ila mstari aliokuwa anauchora ulipinda, akaufuta.

Paa ni nusu. Upande wa mashariki umekamilika, wa magharibi una nguzo tu. Sijui nusu ya paa inachukua muda gani. Mashine haijui. Yeye mwenyewe hajui, namwona.

Saa nane kasoro dakika tano. Amesema, bila kugeuka: "Ikilia tena, pokea wewe."

Nikamwuliza nimwambie nini. Niseme inamalizika? Niseme haimaliziki? Kisanduku hakijaapiwa, saa mbili zimebaki.

Akachora mstari. Akasevu. Kisha akageuka na kiti kizima, akanitazama, mara ya kwanza tangu jana asubuhi. Macho yamechoka vibaya. Sikuona hasira humo, wala sikuona alichokuwa akinitazamia zamani. Kama mtu aliyesimama mlangoni, hajaamua kuingia.

"Mwambie ukweli ulivyo," akasema. "Huo utakaousema wewe ndio nitakaoufuata."

Akarudi kwenye paa lake.

Nimejaribu kuupanga kichwani. Kila nikiuanza unaanza na neno "labda". Feni inanitetemekea mkononi. Mbu analia ndani ya kasha. Nguzo ya pili. Nguzo ya tatu. Anasevu.

Simu inalia.